Karani Ameondoka Dirishani, Amana Imebaki kwa Nani?



Miezi michache iliyopita tulimpeleka mama yetu mzazi benki. Ana umri wa miaka 78, na kadi yake ya benki huifunga katika pindo la leso kama alivyokuwa akifunga noti tulipokuwa watoto. Tawi hilo amelizoea kwa miaka mingi. Tulipoingia tulikuta madirisha sita ya makarani, matano yamefungwa, na mbele ya lile moja lililobaki watu wameketi wakisubiri nambari zao ziitwe. Mlangoni alisimama kijana mwenye adabu, amevaa fulana yenye nembo ya benki. Akamwamkia mama kisha akamwambia: "Bi mkubwa, siku hizi huna haja ya kusumbuka kuja hapa. Pesa zako unaweza kuzitoa kwa simu, au kwa wakala hapo nje."

Mama akamtazama, akauliza: "Mwanangu, na yule mtoto wa kike aliyekuwa akinihesabia yuko wapi? Yule alikuwa akijua kwamba macho yangu hayaoni vizuri."

Kijana akatabasamu tu. Hakuwa na jibu, na kwa kweli si yeye aliyepasa kuulizwa. Lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani, na tangu siku hiyo limekuwa likitushughulisha. Katika makala haya tunataka kulijibu kwa kadiri ya uwezo wetu, kwani halimhusu mama yetu peke yake. Linamhusu kila mzazi mwenye mtoto aliyeajiriwa benki au anayesomea kazi hiyo, na kila nyumba ambayo akiba yake sasa imo ndani ya simu.

Tuanze na historia kidogo, kwa sababu kazi ya ukarani wa benki ina mizizi yake hapa hapa kwetu. Mwaka 1896 National Bank of India ilifungua ofisi Mombasa, na benki ya KCB ya leo huihesabu ofisi hiyo kuwa ndiyo chimbuko lake. Majengo makongwe ya Treasury Square na Nkrumah Road yangali yanashuhudia zama zile. Kazi wakati huo ilikuwa ya kalamu na daftari. Karani alipokea fedha, akahesabu, akaandika, akajumlisha, na jioni hakutoka mpaka hesabu zimelingana. Kosa la senti chache liliweza kuwaweka watu ofisini hadi usiku.

Nasi Waislamu hatukuhitaji kufundishwa na benki heshima ya mwandishi wa hesabu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqarah, inazungumzia uandikaji wa deni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Anayeandika baina ya watu wawili amebeba amana ya wote wawili. Hivyo karani wa dirishani, pamoja na kuwa mhesabu fedha, alikuwa ni shahidi.

Mashine ya kwanza ya kumkaribia karani ilifika mapema. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutoa fedha katika tawi lake la Enfield, London. Wengi wakadhani kwamba siku za karani zimekwisha. Haikuwa hivyo. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, James Bessen, ameeleza yaliyotokea nchini mwake. Baina ya mwaka 1988 na 2004, makarani katika tawi la kawaida la mjini walipungua kutoka takriban 20 hadi takriban 13. Lakini kwa kuwa tawi lilikuwa rahisi zaidi kuliendesha, benki zikafungua matawi mengi zaidi mijini, ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Makarani waliopungua tawi hili wakapata nafasi tawi lile. Mashine ilichukua kuhesabu noti, na karani akabaki na kazi ya kuzungumza na mteja, kumweleza na kumuuzia huduma nyingine.

Wapo wanaoutumia mfano huo kututuliza, wakisema teknolojia haijapata kumnyima mtu kazi. Tunawaomba wausome mpaka mwisho. Mashine ile ya ukutani ilihitaji ukuta, na ukuta ulikuwa wa tawi. Simu haihitaji ukuta. Zama za simu zilipofika, hata huko Marekani idadi ya makarani ikaanza kushuka.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda kasi zaidi. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilitua hapa Mombasa, zikaifungua nchi nzima. Mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo ulioziruhusu benki kutumia mawakala, yaani wenye maduka wa kawaida, kupokea na kutoa fedha kwa niaba yao. Mwezi Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambayo humwezesha mtu kuweka akiba na kukopa bila ya kuliona sura tawi lolote. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwezi Machi 2020, Benki Kuu iliondoa ada za kutumiana fedha kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na hata waliokuwa wagumu wakazoea. Leo benki zetu kubwa zenyewe hutangaza kwa fahari kwamba zaidi ya miamala tisa katika kila kumi hufanyika nje ya tawi.

Basi hesabu ya wafanyakazi nayo ikabadilika. Kwa mujibu wa ripoti za Benki Kuu, mwaka 2016 sekta ya benki ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 33,000, na mwaka uliofuata walikuwa wamepungua chini ya 31,000. Uadilifu unatutaka tuseme kwamba simu haikuwa sababu pekee. Mwezi Septemba 2016 ilianza kutumika sheria ya kuweka kikomo cha riba, ambayo ilidumu hadi Novemba 2019, na benki nyingi zilisema imewabana mapato. Lakini sheria ilipoondolewa, madirisha yaliyofungwa hayakufunguliwa tena.

Sasa turudi kwa yule binti aliyeulizwa na mama. Tunamfahamu, kwa kuwa alihitimu katika madrasa yetu kabla ya kwenda sekondari. Ameturuhusu tusimulie habari zake kwa sharti kwamba tusilitaje jina lake wala la benki.

Alianza kazi dirishani akiwa na umri wa miaka 23. Kwa mshahara wake alisomesha wadogo zake wawili na kumjengea mama yake chumba na jiko. Alikaa miaka 17. Mwanzo madirisha yalikuwa sita, yakawa manne, kisha mawili. Mwishoni akaondolewa dirishani, akasimamishwa ukumbini pamoja na vijana wa fulana, kazi yake ikawa ni kuwaelekeza wateja namna ya kuiweka programu ya benki katika simu zao. Alituambia: "Mwalimu, miezi minane nilikuwa nikiwafundisha watu namna ya kutonihitaji. Na nilikuwa nikifundisha vizuri."

Kisha ikaja barua ya kustaafu mapema kwa hiari. Neno hiari lilikuwa limeandikwa, lakini aliambiwa pembeni kwamba asiyekubali asije akalalamika akipelekwa tawi la mbali. Ana watoto watatu na mama mgonjwa. Akatia saini. Baada ya hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakulipima: mkopo wake wa nyumba ulikuwa na masharti nafuu kwa sababu yeye ni mfanyakazi, na alipoondoka, unafuu nao ukaondoka. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo ililiwa na mkopo huo. Suala la riba katika mikopo ya namna hiyo tumelizungumza mara nyingi na leo hatulirudii. Tunachotaka msomaji akione ni namna mtu mwangalifu, aliyehesabu fedha za watu kwa miaka 17 bila kukosea, alivyokosa mtu wa kumsaidia kuhesabu zake.

Kwa hivyo tunazieleza hapa haki zake na za wenzake, kwani wengi hawazijui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kwamba mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu kazi yao haihitajiki tena ana wajibu kadhaa. Ni lazima atoe taarifa, yenye sababu na kiwango cha upunguzaji, kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi. Na kwa asiye mwanachama, kwa mfanyakazi mwenyewe na afisa wa kazi. Anapochagua nani aondoke, ni lazima azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Likizo ambazo mfanyakazi hakuzichukua ni lazima zilipwe kwa fedha. Na malipo ya kuachishwa yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Wafanyakazi wa benki wa ngazi ya ukarani wanacho chama chao, BIFU, ambacho hujadiliana na waajiri kwa niaba yao. Kustaafu kwa hiari, kwa upande wake, ni makubaliano. Nayo makubaliano husomwa kabla ya kutiwa saini, tena mbele ya mtu anayejua, na hususan vile vipengele vinavyohusu madeni.

Tunapotafakari habari za binti huyu tunaona kwamba watu hukosea wanaposema kazi yake imekufa. Kazi haikufa. Fedha bado zinahesabiwa, wateja bado wanahitaji kuelekezwa, wazee bado wanahitaji mtu wa kuwasomea. Kazi imehama, na imehamia sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kwa wakala. Nchini Kenya wapo mawakala wa fedha za simu zaidi ya 200,000, mbali na wale wa benki. Ukipita Kongowea, Likoni au Majengo utamkuta kijana, mara nyingi msichana, ameketi nyuma ya wavu tangu asubuhi hadi baada ya Isha. Anafanya sehemu kubwa ya yale yaliyokuwa yakifanywa na karani. Lakini karani alikuwa na mkataba, bima ya matibabu, likizo ya uzazi na mlinzi mlangoni. Kijana huyu mara nyingi hana hata kimoja. Akikosea nambari au akitapeliwa, hasara huwa yake au ya tajiri wake, na usiku hurudi nyumbani na wasiwasi wa fedha za watu.

Sehemu ya pili ni kwa wale waliobaki ndani ya benki. Hao hawahesabu tena sana. Kazi yao imekuwa ni kuuza. Kila mwezi hupewa kiwango cha akaunti, kadi na mikopo ambacho ni lazima wakifikie. Aliyeajiriwa kwa sababu ni mwaminifu sasa hupimwa kwa wingi wa watu aliowashawishi. Wapo waliotujia wakiwa na dhiki ya moyo, wakitueleza kwamba wamempa mkopo mtu ambaye walijua kabisa kuwa hataweza kuulipa.

Naye afisa wa mikopo wa zamani karibu ametoweka kabisa katika mikopo midogo. Yule alikuwa akikuketisha, akikuuliza biashara yako inakwendaje, pengine akikwambia: "Mama, safari hii usikope, subiri." Leo programu ndiyo inayoamua, kwa kutazama namna unavyotumia simu na fedha zako. Inaamua kwa dakika chache, saa nane za usiku, bila ya kukuuliza unakopa kwa ajili ya nini. M-Shwari ilipoanza, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na kina mama wengi hawakuiona asilimia hiyo kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwatamkia. Wepesi wa kukopa ni neema kwa mwenye dharura ya hospitali. Kwa mwenye dhiki ya kila siku ni shimo asilolijua kina chake. Ndipo baadhi ya nyumba zetu zinapovunjika kwa madeni ambayo mume hayajui au mke hajaambiwa.

Sehemu ya tatu, ambayo haizungumzwi hata kidogo, ni nyumbani kwetu. Ule uchambuzi wa ujumbe wa simu, kuingiza nambari, kuuliza salio, kupiga simu ya huduma kwa wateja na kusubiri nusu saa, yote hayo ilikuwa ni kazi ya kulipwa. Sasa anaifanya mjukuu wa miaka 14 akiwa na simu ya bibi yake. Amekuwa karani wa familia bila kuapishwa. Anajua salio la bibi, anajua nambari yake ya siri, na hakuna meneja anayemkagua jioni. Wengi wao ni watoto wema. Lakini tumekwisha kusuluhisha zaidi ya kesi moja ambapo fedha za mzee zilitoka kidogo kidogo, mia mbili leo, mia tano kesho, na mzee akanyamaza kwa kuchelea kumvunjia heshima mtoto wa mwanawe. Amana ikivunjika ndani ya nyumba huumiza kuliko wizi wa barabarani.

Je, tuikatae simu? La hasha. Tunakumbuka siku ambapo mama wa Faza au Kiunga alisafiri kwa mashua siku nzima ili kupokea fedha alizotumiwa na mumewe aliyeko Mombasa. Leo anazipokea akiwa jikoni kwake, na hakuna anayeweza kumzuilia haki yake. Mwanamke aliyekuwa hana akaunti kwa kuwa benki ilikuwa mbali, leo anayo. Hiyo ni kheri, na kheri haikataliwi. Tunachosema ni kwamba kifaa kinapochukua kazi ya mtu, majukumu yaliyokuwa ya mtu yule hayafutiki. Ni lazima yapate mwenyewe mpya.

Kwa wazazi, tunanasihi hivi. Zama za kumwambia binti asome apate kazi ya benki kisha astarehe zimepita. Bado benki zinaajiri, lakini zinatafuta watunzi wa programu, wachambuzi wa takwimu, walinzi wa mitandao, na watu wa kushughulikia migogoro na malalamiko. Nyingi ya kazi hizo ziko makao makuu Nairobi, si katika tawi la Malindi au Ukunda. Mtoto anayetaka njia hiyo asishie kwenye kozi ya ukarani. Aongeze hisabati na elimu ya kompyuta, na vyuo vya kuisoma tunavyo hapa Pwani, Mombasa na Kilifi. Tangu mwaka 2008 nchi yetu imekuwa pia na benki zinazoendeshwa kwa misingi ya sharia, na hizo zinahitaji watu wanaojua fiqhi ya biashara na hesabu kwa pamoja. Mtoto wa madrasa mwenye elimu zote mbili ni adimu, na kilicho adimu huwa na thamani.

Kwa wenye benki, tunasema: mfanyakazi anayeombwa awafundishe wateja kutumia mashine itakayochukua nafasi yake ana haki ya kuambiwa ukweli mapema, afundishwe ujuzi mwingine angali kazini, na apewe mtu wa kumshauri juu ya madeni yake kabla ya kutia saini. Na lile dirisha moja la wazee lisifungwe. Faida iliyopatikana kwa kupunguza watu inatosha kulipia dirisha moja.

Kwa familia, tunapendekeza mambo matatu mepesi. Nambari ya siri ya mzee ibaki ya mzee. Asiyeweza kuikumbuka, asimamiwe na mtu mzima mmoja anayejulikana na ukoo, wala si mtoto. Kila mwisho wa mwezi ujumbe wa fedha usomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe na shahidi mmoja. Na yeyote asikope kwa simu bila kumwambia japo mtu mmoja wa nyumbani, kwa kuwa aibu ya kusema ni ndogo kuliko aibu ya kudaiwa.

Binti yetu sasa ana kibanda cha uwakala Kisauni, yeye na mdogo wake. Kipato chake hakifiki nusu ya mshahara wa zamani, na hana bima wala likizo. Tusilifiche hilo kwa maneno matamu. Wiki iliyopita tulimpeleka mama kwake. Alipofika wakati wa kuingiza nambari ya siri, binti akageuza uso wake ukutani mpaka mama alipomaliza. Kisha akazihesabu noti mara mbili, kwa sauti, akamwekea mkononi moja moja.

Mama alipokuwa akizifunga katika leso akasema: "Huyu ndiye niliyekuwa nikimtafuta."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza amana, iwe dirishani, iwe kibandani, iwe nyumbani. Wabillahi tawfiq.